Chenye Sahihi ni Sahihi

Nchi ya Sahihi haimo katika ramani yoyote, na wenyewe hawaoni kasoro. Ramani, wanasema, hawajaitia sahihi. Jinsi Faki Mwinyikondo alivyofika huko ni habari ndefu ya kupotea njia na kuelekezwa na watu wasioijua, na kila aliyewahi kuuliza njia anaifahamu tayari, tuiache. Alifika asubuhi akiwa na njaa, begi la mkononi, penseli mbili na miaka arobaini ya kazi ya kusahihisha maandishi katika kiwanda cha uchapaji. Katika miaka hiyo yote kosa moja tu lilimpita: kalenda elfu nne zilizowatakia watu Mwaka wa Hari badala ya Mwaka wa Heri. Mwaka wenyewe ukawa wa ukame, na watu wakasema hiyo ndiyo kalenda pekee iliyowahi kusema kweli. Faki hakucheka, na mpaka leo hajacheka.

Aliingia mgahawa wa kwanza aliouona, akaagiza wali na maharage kama ubao ulivyosema. Akaletewa ugali.

"Ndugu yangu," Faki akamwita mpishi, "mimi nimeagiza wali."

"Ndio huo."

"Huu ni ugali."

Mpishi akageuka kuutazama ubao. Chini ya maneno palikuwa na sahihi kubwa yenye mikia mitatu. "Mzee wangu," akasema kwa upole, "ubao una sahihi."

"Nimeuona. Lakini sahani hii..."

"Sahani haina sahihi."

Faki akala. Ulikuwa ugali mzuri, na alipoulizwa kama wali umeiva alijibu kwamba umeiva sana, kwa sababu mgeni hagombani na mpishi kabla hajashiba.

Hivyo ndivyo alivyoijua sheria kuu ya nchi ile. Ina maneno manne, na mawili kati yake ni neno lile lile: Chenye sahihi ni sahihi. Sisi wengine nasi tunalo neno hilo moja kwa alama ya mkono na kwa jambo lisilo na kosa, na tunaishi nalo bila madhara. Wao wamelifanya katiba. Kwenye mto unaoukata mji wao kuna kibao cha chuma kisemacho kwamba daraja limekamilika, na chini yake sahihi za wakubwa watano. Daraja halipo. Watu hukunja suruali, hupandisha kanga, huingia majini mpaka magotini, na wakitokea upande wa pili husema wamevuka darajani. Faki alimuuliza mama mmoja mbona hawalalamiki.

"Tulilalamika," mama yule akajibu huku akikamua pindo. "Tulipeleka barua. Ikarudi majibu yenye sahihi kwamba tumeridhika."

Ni huyo mama aliyemwelekeza mahali pa kulala, kwa Bi. Siwatu, mjane aliyekuwa na chumba cha kupangisha uani. Alimkuta amekaa barazani na ungo mtupu mapajani, kama mtu aliyezoea kupepeta jioni na sasa hana cha kupepeta.

Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani na za safari, wakafika kwenye kazi. Faki akasema yeye ni msahihishaji.

"Ndiyo nini hiyo, kaka?"

"Nasoma walichoandika wengine. Nikikuta kosa, nalionyesha."

Bi. Siwatu akauweka ungo chini. "Kabla hakijatiwa sahihi, au baada?"

"Kabla. Na mara nyingine baada."

"Sema polepole," alimwambia, akitazama barabarani. "Hapa watu wamelala ndani kwa maneno madogo kuliko hayo. Lakini mgeni njoo, mwenyeji apone. Keti nikueleze."

Alikuwa na mdogo wake, Mashavu, aliyelima bondeni. Mwaka uliopita mafuriko yalilisomba shamba la Mashavu pamoja na ghala, asibakiwe hata na punje ya mbegu. Huko kwao mtama mwekundu ni wa mama yao, naye aliupata kwa mama yake. Ndege hawaupendi, na udongo wa chumvi wa lile bonde unaukubali. Mbegu yake haiuzwi. Hupita mkono kwa mkono, na aliyepewa hasemi asante, maana wanaamini ukiishukuru mbegu umeifanya kitu cha mtu. Bi. Siwatu akajaza kibuyu, akakibeba kumpelekea mdogo wake. Kwenye njia panda askari wa mbegu wakamsimamisha.

"Kuna askari wa mbegu?"

"Tangu Mkataba na nchi ya Shehena. Kifungu cha saba, wanasema, kimeondoa uhuru wa mbegu. Mbegu haitembei bila kibali, haibadilishwi, haipewi mtu. Anayetaka kupanda anunue pakiti za Shehena. Na zile pakiti, kaka, ukivuna leo, ukizirudisha ardhini mwakani hazioti. Wakachukua kibuyu. Wakaja nyumbani, wakapanda darini, wakachukua na zilizobaki. Kisha wakaniletea karatasi. Wakaniambia, mama, weka dole gumba hapa, ndiyo sahihi yako, ya kuonyesha tumepokea mbegu zako salama. Nikaweka. Kumbe karatasi ilisema nimekiri kosa."

"Hukuisoma?"

"Mimi sijui kusoma. Na hata wanaojua, hapa kilichotiwa sahihi hakisomwi. Ni kumvunjia heshima aliyekitia." Akalitazama dole lake. "Kesi yangu keshokutwa. Nikishindwa, zinachomwa. Hakuna mtama mwingine wa mama mahali popote, ni huo tu uliomo ndani. Na mvua ya kwanza imeshanyesha. Mtama huu usipoingia ardhini kabla ya mvua ya tatu, basi tena."

Sikio la Faki lilikuwa limeanza kuwasha. Lilikuwa na tabia hiyo kila kosa lilipopita karibu yake. "Ngoja," akasema. "Rudia hicho kifungu. Kimeondoa nini?"

"Uhuru wa mbegu."

"Mkataba wa biashara? Dada yangu, mimi nimesahihisha mikataba ya biashara mpaka macho yakaota sugu. Haiondoi uhuru. Huondoa ushuru. Ushuru! Ili mbegu ziingie na kutoka bila kutozwa."

Bi. Siwatu alilitia neno mdomoni kwanza, akalionja. "Ushuru. Uhuru." Akayarudia tena. "Yamepishana nini?"

"Herufi moja."

"Moja?"

"Moja tu. Kidudu hivi, kimejikunja."

Bi. Siwatu akauokota ungo, akaurudisha mapajani. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua, "Kwa herufi moja mtama wa mama yangu umelala ndani."

Asubuhi alimchukua mgeni wake kwenda kuziona mbegu. Ilikuwa Alhamisi, siku ya kutembelea. Gereza la mbegu lilikuwa zamani ghala la pamba. Mkataba ulipotiwa sahihi, wakubwa walikaa vikao sita kujadili mbegu iondolewe uhuru kwa njia gani, na mwishowe waliamua ifungwe, kwa kuwa ndiyo njia pekee waliyokuwa na uzoefu nayo. Kuna vyumba, kuna namba, kuna zamu za askari na kitabu cha wageni. Kunde ziko upande wa kulia, mbaazi na malenge upande wa kushoto. Nchi ya Sahihi si katili. Imeagiza kila chumba kiwe na dirisha la hewa.

Mkuu wa gereza, Sajini Chambuso, alikuwa mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwapokea kama anayepokea jamaa wa mgonjwa.

"Shikamoo mama. Hawajambo. Jana nilizianika kidogo dirishani, maana kuna unyevu. Fukusi wameingia chumba cha jirani, na mimi nimeweka majivu ya mwarobaini kwenye kizingiti."

"Marahaba baba. Umeagizwa kuweka majivu?"

"Sijaagizwa. Wala sijakatazwa."

Bi. Siwatu akapenyeza mkono kwenye nondo, akachota punje chache, akazinusa, akaing'ata moja. Ilitoa mlio mkavu. Akazirudisha zote, hata ile aliyoing'ata, kwa sababu kutoka na mbegu ya mfungwa ni kumtorosha.

"Bado zina uhai," akasema.

Sajini Chambuso akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Mama, mimi ndiye niliyepewa kibiriti. Ikifika huko. Mke wangu haniongeleshi tangu Jumanne, anaweka chakula mezani anaondoka. Nimemwambia nina amri yenye sahihi. Akaniuliza, na tumbo lako lina sahihi?"

Faki alitoka pale moja kwa moja mpaka Nyumba ya Sahihi, akaomba kuonana na Mtunza Sahihi Mkuu. Alitegemea kufukuzwa. Badala yake alikaribishwa chai ya tangawizi na Mheshimiwa Pazi mwenyewe, mtu wa makamo mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Mkataba ulikuwa ndani ya sanduku la kioo, umefunikwa kitambaa cha kijani, umefunguliwa kwenye ukurasa wa mwisho wenye sahihi. Wageni wa heshima huruhusiwa kuzitazama na kuzisifu.

Faki akazisifu. Kisha akaomba kuona ukurasa wa tatu.

"Ukurasa wa tatu una nini? Hauna sahihi."

"Una maneno, Mheshimiwa."

Pazi aliweka kikombe chini. Akainuka, akafunga mlango, akafungua sanduku. Faki hakuhitaji hata kuvaa miwani. *Katika nchi zote mbili hakutakuwa na uhuru wa mbegu.* Juu yake kifungu cha sita kilisema hakutakuwa na ushuru wa kahawa, na chini yake cha nane kilisema hakutakuwa na ushuru wa nguo. Kosa lilikuwa limekaa katikati kweupe, miaka sita, kama mtu aliyeketi kwenye kiti kisicho chake na hakuna aliyemwambia.

"Aliyenakili hii," Faki akasema kwa hasira, "alikuwa na njaa au alikuwa amelewa?"

"Alikuwa na haraka," Pazi akajibu. "Alikuwa na binti wa miaka mitatu mwenye kisukari. Sindano zilikuwa zinatoka Shehena, kifungu cha kumi, lakini kifungu cha kumi hakikuwa na nguvu mpaka mkataba utiwe sahihi. Kila siku iliyopita alikuwa akiitazama chupa iliyobaki. Akanakili haraka. Mkataba ukatiwa sahihi Ijumaa, sindano zikafika Jumapili." Akafunika kioo. "Yuko darasa la nne sasa. Mtukutu kweli kweli. Kila Jumatano anakaa benchi moja la zahanati na Mashavu, mdogo wake Bi. Siwatu. Sindano zao ziko kwenye jokofu moja."

Hasira ya Faki ikakosa pa kukaa. "Basi unajua."

"Nilijua Jumatatu ile ile."

"Na hukusema?"

"Ungesema wewe? Tuna sheria moja tu katika nchi hii, nami ndiye mtunzaji wake. Na hata isingekuwa sheria. Shehena ni wakubwa, sisi wadogo. Unaniambia nifungue ukurasa wa tatu. Nikiufungua, nani ataniapia kwamba na wao hawatafungua wa nne, zilipo sindano? Mzee wangu, mimi huamka kila siku nikizipima hizi kurasa mbili mkononi, na kila siku uzito ni ule ule."

Faki alimaliza chai yake. Alikuwa amekuja kumtukana mtu, na sasa alitamani kumshika mkono. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema tu kwamba kwao kuna usemi kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, na Pazi akajibu kwamba kwao pia upo, lakini haujatiwa sahihi.

Siku ya kesi ilianza na mvua ya pili. Haikuwa kubwa, lakini kila mtu ukumbini aliisikia juu ya bati, na kila mtu aliyejua kulima alimtazama Bi. Siwatu. Baraza la Mikataba lina wajumbe tisa na mwenyekiti, Bwana Mshangama, mtu mwenye sauti nzito na moyo mwepesi, ambaye hapendi kabisa mtu aondoke mbele yake akiwa na huzuni na hana uwezo wa kulizuia jambo hilo. Upande wa wageni alikaa Balozi wa Shehena, Bwana Terenzi, na mkoba wa ngozi magotini. Mashavu alikaa mbele kabisa, mguu wake mmoja umefungwa bandeji ya kidonda cha kisukari.

Mwenyekiti akaonyesha karatasi yenye alama ya dole. "Bi. Siwatu, umekiri. Kuna sahihi yako. Una la kusema kabla hatujasema lililokwisha kusemwa?"

Bi. Siwatu akasimama. Hakuwa amezoea kusimama mbele za watu, na mikono yake ilitafuta ungo usiokuwepo.

"Waheshimiwa, mdogo wangu Mashavu yule pale. Kifungu cha kumi kinampa sindano. Kifungu cha saba kinamnyima shamba. Kwa hiyo anaishi kwa mkataba na anakufa kwa mkataba, huo huo mmoja. Nilipokuja hapa watu waliniambia, kaombe mkataba uchanwe. Sitaki. Mkiuchana mtakuwa mmemzika huyu kabla ya njaa kumzika. Nimekuja kuomba jambo moja tu. Usomwe."

Ukumbi ukavuma. Mjumbe wa kwanza akasema kwamba kusoma kilichotiwa sahihi ni kumwambia aliyekitia: nakushuku. Mjumbe wa tatu akasema yeye mwenyewe alitia sahihi, na hakusoma, na hajisikii vibaya. Wa tano, aliyependa suluhu, akapendekeza usomwe kimya kimya. Wa sita akauliza ukisomwa kimya kimya, nani atajua kwamba umesomwa. Wa tano akasema huo ndio uzuri wake. Walikuwa karibu kuunda kamati ya kuchunguza kama masikio ni sehemu ya kusoma, Mheshimiwa Pazi aliposimama na sanduku la kioo mikononi.

"Nitasoma mimi," akasema, na kabla mwenyekiti hajapata neno, akaanza.

Faki alikuwa amesikia watu wengi wakisoma kwa sauti, lakini hakuwahi kusikia nchi nzima ikisikiliza kitu chake kwa mara ya kwanza. Kifungu cha kwanza kilikuwa cha urafiki, na watu wakatikisa vichwa wakaridhika. Cha nne kilizungumzia barabara, na wa upande wa kaskazini wakatazamana, maana walikuwa nayo. Yalikuwamo mambo mazuri mengi. Bibi mmoja alinong'ona kwamba laiti angejua ana haki ya kuuza asali ng'ambo. Pazi akafika cha sita, akafika cha saba, akakisoma, akasimama.

"Hapa," akasema, "pana herufi niliyoila mimi. Ilipaswa kuwa ushuru. Nilikuwa na haraka. Binti yangu alikuwa mgonjwa." Akafikiri, akaongeza, "Nisameheni," neno ambalo haliko katika kitabu chochote cha taratibu za Nyumba ya Sahihi.

Kelele zilizofuata zilizima mvua. Mwenyekiti aligonga meza mpaka kikombe kikaanguka. Akasema anaelewa, na anahuzunika, na kama angekuwa baba wa mtoto yule labda angekula herufi nyingi zaidi. Lakini sheria ni sheria. Kosa limetiwa sahihi.

"Kwa hiyo ni kosa sahihi," akasema mjumbe wa tatu.

"Kosa sahihi," mwenyekiti akakubali, na karani akaandika.

Ndipo Faki aliposhindwa kujizuia. Miaka arobaini haitoki mkononi hivi hivi. Alikwenda mpaka mezani, akatoa penseli, na juu ya neno lile akachora kijikoleo kidogo wanachokijua wachapaji wote, alama ya kusema *hapa pamekosekana kitu*, na juu ya kijikoleo akaandika s. Ilikuwa ndogo, safi. Askari wawili wakamshika mabega.

"Penseli haina sahihi!" mjumbe wa kwanza akapiga kelele.

"Kweli," akasema Bi. Siwatu. "Haina."

Alikuwa amefika mezani bila mtu kumwona. Akachovya dole gumba kwenye kidau cha wino cha karani, akaliweka pembeni mwa ile s, akalikandamiza kwa uzito wote wa mwili wake, akaliinua.

"Sasa inayo," akasema.

"Mama," mwenyekiti akasema kwa upole mkubwa, "hilo ni dole tu."

Bi. Siwatu akaichukua karatasi ya kukiri kwake mezani, akamnyooshea. "Mlipokuja kunichukulia mbegu mliniambia dole langu ni sahihi. Kwa sahihi hiyo nimekuwa mkosaji, na mbegu zangu zimelala ndani, na kibiriti kimenunuliwa. Leo dole lile lile limekuwa nini? Kama hili si sahihi, na lile si sahihi. Nipeni mtama wangu niende. Kama lile ni sahihi, na hili ni sahihi. Nipeni mtama wangu niende. Sheria inasema chenye sahihi. Haikusema sahihi ya nani."

Mvua ilisikika tena. Mashavu akainuka kwa kuegemea kiti, akachechemea mpaka mezani, akachovya dole, akaliweka chini ya lile la dada yake. Kisha bibi wa asali. Kisha mpishi wa mgahawa, ambaye alinong'ona kwa Faki kwamba ubao ule nao atautazama upya. Sajini Chambuso akaja na kofia mkononi, akaweka dole lake polepole, akachungulia nyuma kama mkewe ameona. Alikuwa ameona. Pembeni mwa ukurasa wa tatu kukajaa madole mpaka karani akaomba watu wahamie upande wa pili.

Wajumbe wote tisa wakamgeukia Balozi, kwa maana hofu yao yote ilikuwa imekaa kwenye kiti kile. Balozi Terenzi alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alifungua mkoba wake, akatoa nakala ya Shehena, akaifungua ukurasa wa tatu, akaiweka mezani bila kusema. Ilisema *ushuru*. Ilikuwa imesema ushuru tangu mwanzo.

"Mlijua?" Pazi akauliza.

"Niliwaandikia nyumbani mwaka wa kwanza," Balozi akasema katika Kiswahili chake cha kitabuni. "Wakanijibu: tungoje, tuone. Pakiti zikauzwa sana. Wakaniandikia: endelea kuona." Akainamisha kichwa. "Mimi nimeona kwa miaka sita. Siwezi kuwaahidi kwamba wakubwa zangu hawatakasirika. Lakini kifungu cha kumi kina sahihi za pande mbili, na hakikufungwa kwa cha saba popote. Nimekisoma mara nyingi. Nilikuwa na muda."

Bwana Mshangama alifuta uso kwa leso, akatoa hukumu. Alitangaza kwamba Baraza halijasahihisha kitu, wala haliwezi. Isipokuwa limegundua sahihi ambazo zilichelewa kuwekwa. Mbegu zote ziachiwe leo. Nusu ya wajumbe hawakuelewa, wakapiga makofi kwa sababu mwenyekiti alikuwa anatabasamu.

Msisimko wa haki usiwadanganye wasomaji. Gereza lilipofunguliwa, kunde zilikuwa vumbi tupu, malenge yameoza, na kati ya vyumba themanini, thelathini havikuwa na cha kuachiwa. Wako waliofika na vikapu wakarudi navyo hivyo hivyo. Kwenye kibuyu cha Bi. Siwatu fukusi walikuwa wamekula theluthi. Chambuso alimwonyesha bila kumtazama usoni, na yeye akamwambia kwamba bila yale majivu wangekula zote, na kwamba zilizobaki zinatosha mashamba mawili yakipandwa kwa mkono wa mtu mwenye akili. La Mashavu litaanza.

Faki alikuwa nyuma yake kwenye foleni, amemshikia ungo. Mbele ya meza ya mlangoni kulikuwa na kidau cha wino na karatasi moja ndefu ya kila anayechukua mbegu. Nje mawingu yalikuwa yakikusanyika, ya mvua ya tatu, na nyuma yao walisimama watu mia moja na zaidi wenye haraka ya haki.

"Hapa tu, mama," Chambuso akasema, akiisogeza karatasi. "Weka dole uchukue mtama wako, ukawahi."

Bi. Siwatu akatazama mbingu. Akatazama kibuyu. Kisha akaweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo.

"Nisomee kwanza," akasema.

Chambuso akatafuta miwani yake, na foleni nzima ikanyamaza kusikiliza.